Mtafutie mtu wa kuingia naye: kuhusu vikundi vya kuacha pombe

Mimi ni mshauri wa wanaotaka kuacha pombe, na wateja wangu wengi hapa Mombasa hawaniulizi kama kikundi kinasaidia. Wanauliza nani atakuwa mle ndani. Mwalimu anaogopa kumkuta mzazi wa mwanafunzi wake, dereva wa tuktuk anaogopa kukutana na abiria wake, na kijana wa Kiislamu ana hofu mara mbili: pombe yenyewe anaificha nyumbani, halafu anaambiwa mkutano uko kwenye ukumbi wa kanisa. Sizidharau hofu hizi. Ndizo zinazomgeuza mtu akiwa amekwisha kufika getini.

Kabla ya kikundi, hospitali. Anayekunywa kila siku, anayeamka mikono ikimtetemeka mpaka atoe loki, yaani anywe tena asubuhi ili atulie, asiache ghafla eti aende mkutanoni akiwa safi. Degedege linaweza kumpata kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho. Kuweweseka, jasho jingi na kuona visivyokuwepo huja zaidi siku ya 2 hadi ya 4, na hali hiyo inaua. Hospitalini hupewa dawa za kutuliza zinazopunguzwa taratibu, pamoja na vitamini B1, kwa sababu ulevi wa muda mrefu huimaliza mwilini na ubongo ukaumia. Kikundi hakina daktari wala sindano.

Kwa Kenya, mahali rahisi pa kuanzia ni 1192, laini isiyolipiwa ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Eleza uliko na uulize huduma zilizo karibu nawe. Ukishapata mkutano wa AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe), uliza kama ni wa wazi au ni wa kufungwa. Wa wazi, hata mke, ndugu au mshauri kama mimi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Wa kufungwa ni wa wenye shida ya pombe peke yao. Aliye mbali na mji ajaribu mikutano ya mtandaoni, ingawa kwa maoni yangu simu haimshikilii mtu kama kiti kilicho jirani na mwenzake.

Ukiingia utakuta viti, chupa ya chai na watu wa kawaida kabisa. Mwenyekiti anafungua, kisha mmoja mmoja anajitaja kwa jina la kwanza tu na kueleza yaliyompata. Hakuna anayemkatiza wala kumjibu. Zamu ikikufikia, sema tu, "Leo nasikiliza," nao watapita. Hakuna ada. Kikapu kitapitishwa kwa ajili ya kodi ya ukumbi na chai, na mgeni halazimiki kutoa chochote. Sharti la uanachama ni moja: uwe unataka kuacha kunywa. Kwa kawaida baada ya saa moja mkutano umekwisha, na hapo wageni wengi huchomoka mbio. Mimi huwasihi wabaki kwenye chai, maana hapo ndipo mtu anapokuandikia namba yake na kukwambia umpigie Ijumaa jioni mshahara ukishaingia, kabla hujapita mangwe, kule kunakouzwa mnazi.

Kuhusu kanisa, ukweli ni kwamba AA ilizaliwa mwaka 1935 huko Akron, Ohio, mikononi mwa Bill Wilson na daktari Bob Smith, waliokuwa wametoka katika vuguvugu la Kikristo. Harufu hiyo bado ipo kwenye zile hatua 12 za kuacha pombe ambazo wanachama hufuata. Lakini zinamtaja Mungu kwa namna kila mtu anavyomwelewa, na ukumbi ni wa kupanga tu. Nimewaona Waislamu wakisoma dua yao kimyakimya wakati wenzao wanafunga kwa sala, na hakuna aliyewageukia. Tena wao wana mtihani wao wa mwaka: mtu anaacha Ramadhani nzima, anadhani amepona, na Idi pili yuko kwenye mnazi. Shawwal, unaofuata Ramadhani, ndio mwezi wa kukikamata kikundi kwa mikono miwili.

Je, kinafanya kazi? Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 27 zenye watu 10,565. Wale ambao wataalamu waliwaongoza kwa mpango maalumu hadi wakaingia AA waliweza zaidi kukaa bila pombe kabisa kuliko waliopewa tiba nyingine zinazotambulika, ikiwemo ile ya kubadili fikra na tabia. Wenzangu hulikariri hitimisho hilo wakasahau maneno "waliwaongoza". Kumwandikia mgonjwa anwani kwenye karatasi si kumwongoza. Mimi humpigia simu mwanachama wa AA, mteja akiwa amekaa mbele yangu, wakaongea wenyewe, wakakubaliana wakutane nje ya geti dakika kumi kabla ya mkutano.

Ukiona kikundi kimoja hakikufai, jaribu kingine, vinatofautiana sana. Ila akitokea mtu wa kukwambia utupe dawa ulizoandikiwa na daktari, za sonona au za degedege, huyo usimsikilize hata kama ana miaka mingi bila kunywa.

Na mama watoto asikae akingoja mume akubali. Al-Anon, iliyoanza mwaka 1951, ni ya jamaa za wanywaji, na huko anaweza kwenda hata kama bwana bado anakunywa.