Je, wajua kasino hupimaje zawadi ya mchezaji mkubwa?

Kati ya Juni 2005 na Agosti 2006, kasino ya Crown mjini Melbourne ilimlea mteja mmoja kama yai. Harry Kakavas, mfanyabiashara wa majumba kutoka Gold Coast, alipandishwa ndege binafsi ya kasino, akala na kunywa bila kulipa, akarudishiwa sehemu ya hasara zake, na safari nyingine akakabidhiwa hadi dola 50,000 taslimu zilizoitwa "pesa za bahati". (Dola ninazozitaja hapa ni za Australia; zikiwa za Marekani nitasema.) Mchezo wake ulikuwa bakarati, mchezo wa karata ambao mtu hubeti ama upande uitwao "benki" ama ule uitwao "mchezaji". Miezi hiyo ilipokwisha alikuwa amepoteza dola milioni 20.5. Alikwenda mahakamani akidai kwamba kasino ilimrubuni huku ikijua udhaifu wake, maana miaka ya tisini alikuwa ameomba mwenyewe azuiwe kuingia. Juni 2013 mahakama ya juu kabisa ya Australia ikaitupa rufaa yake kwa kauli moja.

Wengi wakisikia kisa hiki huuliza kasino ina faida gani kumgawia mtu ndege na fedha taslimu. Jibu limo katika tarakimu moja iliyotajwa mahakamani. Ukijumlisha madau yote aliyoyaweka Kakavas katika kipindi hicho, yaliyoshinda na yaliyoliwa, unapata dola bilioni 1.479. Gawanya hasara yake kwa jumla hiyo: ni senti 1.4 hivi kwa kila dola aliyoiweka mezani. Sasa tazama bakarati yenyewe. Kwa kanuni zake za kawaida, kasino hubaki na asilimia 1.06 ya dau la upande wa benki na asilimia 1.24 ya dau la upande wa mchezaji. Kwa hiyo mtu huyu hakuandamwa na mkosi. Alipoteza karibu kile ambacho mchezo ulikuwa umeshapangiwa kumla, na kasino iliijua hesabu hiyo tangu ndege haijaruka.

Huo ndio mzizi wa kila mpango wa pointi za kumtuza mchezaji, uwe wa kadi ya plastiki au wa apu kwenye simu. Kasino haikupimi kwa pesa ulizokuja nazo, wala kwa ulichopoteza jana usiku. Inakupimia hasara tarajiwa: dau lako la kawaida, mara idadi ya raundi kwa saa, mara saa ulizokaa, mara asilimia ya kasino katika mchezo huo. Jibu likipatikana, inakurudishia sehemu yake kwa sura ya chumba, chakula, tiketi au pointi. Ndiyo maana aliyeshinda usiku mzima anaweza kuletewa chupa ya mvinyo na meneja anayetabasamu kwa dhati. Wanajua akirudi mara kumi, hesabu itakaa sawa.

Tufanye hesabu kwa mkono, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Mchezaji wa kwanza anakaa kwenye meza ya bakarati na dau la dola 200. Raundi 70 kwa saa, saa nne: ameweka jumla ya dola 56,000. Kwa asilimia 1.2, hasara tarajiwa ni dola 672. Mchezaji wa pili amekaa pembeni kwenye mashine, zile ambazo Waaustralia huziita pokies, anabonyeza dola 5 tu kila mzunguko. Mizunguko 600 kwa saa, yaani mmoja kila sekunde sita, kwa saa nne: dola 12,000. Mashine ikiwa inarudisha asilimia 90 ya madau, hasara tarajiwa yake ni dola 1,200. Na asilimia 90 si ukatili wa kubuni. Sheria ya jimbo la Victoria inairuhusu mashine kushuka hadi 87, na ile ya jimbo la New South Wales hadi 85.

Mwenye dau la dola 5 anaingizia kasino karibu mara mbili ya yule mwenye dau la dola 200. Ninaomba msomaji aitazame hesabu hiyo mara ya pili, kwa sababu watu wenye heshima zao na kazi zao nzuri hawaamini kwamba wao ni "wachezaji wakubwa" eti kwa kuwa dau lao ni dogo. Kasino inajua ni wakubwa. Ndiyo sababu mashine hutoa pointi haraka kuliko meza.

Pointi zenyewe zina thamani gani? Tuseme mpango unarudisha senti 20 kwa kila dola 100 zilizochezwa. Yule wa mashine atapata dola 24 za kununulia chakula, baada ya saa nne zilizotarajiwa kumgharimu 1,200. Akiwa angecheza hata bila pointi, dola 24 ni zake halali na ni ujinga kuziacha. Akiwa amebaki saa moja zaidi ili pointi zitimie, amelipa dola 300 kwa ajili ya chakula cha dola 6.

Hapo ndipo ngazi zinapoingia: fedha, dhahabu, platinamu, nyeusi. Kwa kawaida ngazi huwa na muda wake, miezi kadhaa au mwaka, na ikiisha unaanza kuhesabiwa upya. Apu hukuonyesha mstari unaojaa rangi na maneno kwamba umebakiza kidogo tu. Chukua mteja aliyebakiza madau ya dola 20,000 ili asishuke kutoka dhahabu. Kwenye mashine ya asilimia 90, kulinda dhahabu hiyo kunatarajiwa kumla dola 2,000. Ajiulize kama maegesho ya bure, foleni fupi na vyakula vichache kwa mwaka mzima angevinunua kwa bei hiyo kwa pesa yake ya mfukoni. Mara nyingi asingevinunua.

Kuna aina moja ya zawadi iliyowahi kuigeuza meza kweli, nayo ni kurudishiwa sehemu ya hasara. Mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011 Mmarekani Don Johnson aliwashinda wenye kasino tatu za Atlantic City, Tropicana, Borgata na Caesars, kiasi cha dola milioni 15 za Marekani katika miezi michache. Hakuhesabu karata, yaani kukariri zilizotoka ili akisie zijazo, wala hakuiba. Kasino zilikuwa na njaa ya wateja wakubwa, naye akakaa nao mezani, lakini meza ya mazungumzo: akataka kanuni za blekijeki, mchezo wa karata wa kuikaribia 21 bila kuivuka, zilegezwe hadi asilimia ya kasino ishuke karibu na robo ya asilimia moja, na akataka arudishiwe asilimia 20 ya hasara pindi inapovuka dola 500,000. Fikiria maana yake. Akishinda nusu milioni, anaondoka na nusu milioni. Akipoteza nusu milioni, anadaiwa laki nne tu. Kwa mchezo ambao tayari uko karibu sawa kwa sawa, tofauti hiyo ya laki moja ndiyo faida yake, mradi asimame mara tu anapofika kikomo kimoja au kingine.

Tazama alichokiomba: pesa na kanuni. Kama mchezaji mkubwa wa Australia anatafuta thamani, swali lake kwa meneja ni hilo hilo, kwamba nitarudishiwa asilimia ngapi ya hasara, kwa pesa ninayoweza kuondoka nayo, na inahesabiwa kwa safari moja au kwa mwezi. Lakini tukumbuke kwamba Kakavas naye alirudishiwa sehemu ya hasara. Yeye alicheza hadi jumla ya bilioni. Johnson alikuwa na mahali pa kusimama.

Sasa tuje kwenye simu, ambako mambo yana giza zaidi. Watu wengi hawajui kwamba apu ya kasino ya pesa halisi, yenye pokies, ruleti (gurudumu la namba) na blekijeki, haina ruhusa kutoa huduma kwa mtu aliyeko Australia. Sheria ya kamari za mtandaoni ya mwaka 2001 inakataza, na tangu Novemba 2019 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ACMA, huziomba kampuni za intaneti zizibe tovuti hizo. Sheria inamwandama mtoa huduma, si mchezaji. Mchezaji hafungwi, ila hana pa kushika: apu ya ng'ambo ikimtangaza kuwa VIP wa almasi halafu ikakataa kumlipa, hakuna mdhibiti wa Australia anayeweza kuilazimisha. Ngazi ya almasi kwa mtu asiyeweza kudai chake mahali popote ina thamani ya rangi yake tu kwenye kioo cha simu.

Na hata ikilipa, kuna sharti la kuzungusha bonasi, yaani kuibeti tena na tena, ambalo wanaobeti kwa simu Nairobi na Dar es Salaam nao wanalifahamu. Apu inakupa bonasi ya dola 500, lakini lazima uizungushe mara 40 kabla ya kutoa pesa. Hiyo ni madau ya dola 20,000. Mchezo ukirudisha asilimia 95, kuizungusha kunatarajiwa kula dola 1,000. Umepewa mia tano, umetumwa njia inayogharimu elfu moja. Tena michezo yenye nafuu kama blekijeki mara nyingi huhesabiwa kidogo sana katika mzunguko huo, au haihesabiwi kabisa.

Zipo pia apu za kasino za sarafu za kuchezea tu, ambazo Australia inaziruhusu kwa sababu hazilipi pesa. Kampuni ya Aristocrat ya Sydney, maarufu kwa kutengeneza pokies, nayo imo katika biashara hiyo. Mtu hununua sarafu kwa pesa halisi, hupanda ngazi za VIP, lakini sarafu hazitoki tena kuwa pesa. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba sarafu za apu moja kama hizo, Big Fish Casino, ni kitu cha thamani kwa sheria za kamari za jimbo la Washington, na mwaka 2020 kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 155 za Marekani. Tangu Septemba 2024 Australia inaziweka kamari hizi za kuigiza katika daraja la watu wa miaka 18 na zaidi. Pointi za humo hupimwa kirahisi: kwa dola, ni sifuri.

Apu za kubeti zenye leseni Australia ni za michezo na farasi. Hizo zina sheria: haziruhusiwi kukushawishi kwa zawadi ili ufungue akaunti, na tangu Juni 2024 haziruhusiwi kupokea kadi za mkopo. Zinapaswa pia kukutumia taarifa ya kila mwezi ya ulichoweka, ulichoshinda na ulichopoteza. Kwa mchezaji mkubwa, karatasi hiyo ndiyo kipimo cha kweli cha "uaminifu" wake. Achukue taarifa za miezi kumi na miwili, ajumlishe hasara, kisha aandike pembeni kila zawadi kwa bei ambayo yeye mwenyewe angekubali kuinunua. Tiketi ya mechi ambayo asingeenda, aiandikie sifuri. Agawanye. Akikuta amerudishiwa dola 4 kwa kila 100 alizopoteza, basi amejua bei ya urafiki ule.

Nasema urafiki kwa sababu ndio sura unayokuja nayo. Meneja wa VIP anakumbuka siku yako ya kuzaliwa, anauliza habari za watoto, na ukinyamaza wiki mbili anakutumia bonasi. Mtu mpweke huona kuna anayemjali. Nchini Uingereza mdhibiti wa kamari aliwahi kukuta kwamba katika kampuni moja, wateja wa VIP walikuwa asilimia 2 tu ya wateja wote lakini walileta asilimia 83 ya pesa zilizowekwa. Kampuni inayoishi kwa asilimia 2 ya wateja wake haiwezi kumwacha hata mmoja anyamaze. Na mtu anayepoteza sana na mtu mwenye uraibu hufanana kabisa kwenye kompyuta ya meneja. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi katika jambo hili zima. Anayetaka kukata simu hizo ana BetStop, daftari la kitaifa la Australia la wanaotaka wazuiwe kubeti, lililoanza Agosti 2023. Ukijiandikisha, kila kampuni ya kubeti mtandaoni yenye leseni inapaswa kukufungia akaunti na kuacha kukutumia matangazo.

Ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi waliohamia Australia hukutana na kadi za pointi mahali pasipofanana na kasino. Klabu nyingi za mitaa, ambamo familia huenda kula chakula cha jioni kwa bei nafuu, zina ukumbi wa pokies nyuma ya ukuta, na kadi ya uanachama unayopewa mlangoni mara nyingi ndiyo inayokusanya pointi.

Kadi hizo zimeanza kufanya kazi nyingine. Mwaka 2021 tume iliyoongozwa na Ray Finkelstein ilichunguza Crown Melbourne na kukuta watu walioachwa wacheze saa nyingi mfululizo bila kuulizwa, na mwaka uliofuata kasino ikatozwa faini ya dola milioni 120 kwa hilo. Tangu Desemba 2023 mtu hawezi kucheza pokies pale bila kadi. Kabla ya kubonyeza, anaiambia kadi mwisho wake ni dola ngapi. Saa tatu zikipita lazima apumzike robo saa, na hawezi kupita saa 36 kwa wiki.