Ufundi wa Lamu hauko kwenye damu

Mgeni akisimama mbele ya mlango wa nakshi mjini Lamu, au akiona jahazi likiundwa Matondoni, neno linalomtoka ni "kipaji". Ni sifa njema, lakini inamnyang'anya fundi miaka yake ya jasho. Na yako maneno mengine yanayosemwa juu ya mafundi wetu; nayajibu hapa moja moja.

"Ufundi ni wa ukoo." Koo za mafundi zipo. Ila anachorithi mtoto ni nafasi ya kukaa karibu: kufagia vumbi la mbao, kushika ubao usicheze, kunoa patasi, muda mrefu kabla ya kukabidhiwa nakshi. Mtoto wa mvuvi akipewa nafasi ileile mapema, naye atakuwa fundi.

"Jahazi hujengwa kwa kubahatisha, mbona hakuna ramani?" Hii ndiyo inayoniudhi zaidi. Ramani ya karatasi haipo, hesabu ipo. Kwanza hulazwa mkuku, yaani mti mrefu wa chini unaobeba chombo, maana urefu wake ndio unaoongoza vipimo vingine. Mataruma, yaani mbavu za chombo, hutafutwa kwenye miti iliyopinda yenyewe. Ukichonga pindo, yaani kipande kilichopinda, kutoka gogo lililonyooka, unakata nyuzi za mti na nguvu yake inapotea. Basi mwanagenzi hutumwa kutafuta pindo la ubavu fulani. Akileta lisilofaa, fundi huliweka mahali pake, pengo likaonekana, na kijana akarudi kutafuta jingine. Kwenye kalafati, yaani kuziba nafasi za mbao, ni vivyo hivyo: pamba yenye mafuta hushindiliwa kati ya mbao, na ni mkono unaojifunza ishindiliwe kiasi gani. Ikilegea, maji yanaingia.

Kwa hiyo wanaosema mafundi wetu ni wachoyo wa elimu kwa kuwa hawaelezi sana, wanawaonea. Fundi anafundisha kutwa nzima, kwa kazi yenyewe.

"Kufundisha kulikuwa kwa wanaume." Mwana Kupona binti Msham, wa visiwa hivi hivi, alimtungia binti yake utenzi wa mafunzo mwaka 1858. Unasomwa hadi leo.

"Bila cheti si fundi." Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani ya Kenya, NITA, huwapima hata waliojifunzia kazini, kwa madaraja matatu, la tatu likiwa la kuanzia. Useremala umo. Kijana aliyekulia karakanani na anayetaka kazi bara, autafute mtihani huo mapema.