Shahada ya uendeshaji wa hoteli: inagharimu kiasi gani kweli, na inaanza kulipa lini?

Kila mwaka somo langu la kwanza la udhibiti wa gharama jikoni huanza na samaki. Tuseme mpishi amenunua nguru wa kilo 10 pale Soko la Feri, Dar es Salaam, kwa shilingi 14,000 kila kilo. Amelipa 140,000. Nawauliza wanafunzi: kipande cha gramu 200 kwenye sahani ya mgeni kimetugharimu shilingi ngapi? Karibu wote hujibu 2,800. Kisha tunamsafisha. Kichwa kinaondoka, yanaondoka matumbo, mapezi na mfupa wa mgongo, na mizani inabaki na kilo 6 za nyama ya kukata vipande. Kilo moja ya nyama hiyo imeshavuka 23,300, na kipande kile kimefika karibu 4,700. Hoteli iliyopanga bei kwa kufuata ile 2,800 itauza samaki mwaka mzima, ukumbi utajaa, na faida haitaonekana.

Wazazi wengi wanaokuja ofisini kwangu kuulizia shahada hii wanaitazama ada kama bei ya nguru mnadani. Wameshika karatasi ya chuo, wamezidisha ada kwa miaka mitatu, na wanataka niwaambie kama inafaa. Mimi huwaomba tumsafishe samaki kwanza.

Tuchukue nambari za mfano. Nyie mtaweka za kwenu. Ada ni 1,500,000 kwa mwaka, kwa miaka mitatu ni 4,500,000. Chumba na chakula ni 250,000 kwa mwezi, miezi tisa kila mwaka, jumla 6,750,000. Sare, viatu vyeusi vya kufungwa, koti la mpishi na seti ya visu ni 400,000. Halafu kuna fildi, yaani mafunzo kwa vitendo hotelini, ambayo mara nyingi iko mbali na nyumbani na hoteli nyingine hazimpi mwanafunzi chochote zaidi ya chakula cha mchana: 600,000 kila safari, mara mbili, ni 1,200,000. Tumefika 12,850,000, na bado hatujagusa gharama kubwa kuliko zote, yaani mshahara ambao kijana hakuupata kwa sababu alikuwa darasani.

Mwenzake aliyesoma cheti cha mwaka mmoja, kwa hesabu hizohizo na fildi moja, ametumia 4,750,000. Miaka miwili iliyobaki yuko kazini. Akilipwa 400,000 kwa mwezi, ameingiza 9,600,000 wakati mwenye shahada bado anakopi notisi. Kwa hiyo shahada imegharimu zaidi ya cheti kwa 8,100,000 za matumizi na 9,600,000 za kipato kilichopita, jumla 17,700,000. Kama shahada hiyo itamwongezea 200,000 tu kwa mwezi, itachukua miaka saba na zaidi kurudisha pengo. Ikimwongezea 600,000, ni miaka miwili na nusu. Uzito wote wa uamuzi huu uko kwenye tofauti ya hizo nambari mbili, na ndiyo maana siku zote nauliza: unataka kufika nafasi gani, na kwa njia ipi?

Kwenye kazi ya kwanza shahada haisemi sana. Meneja wa hoteli anayemwajiri mhitimu mpya anataka kujua kama anaweza kutandika chumba kikawa tayari kwa muda uliopangwa, kama anaweza kubeba sahani tatu bila kidole kugusa mchuzi, kama anaweza kumpokea mgeni aliyefika saa nane usiku amechoka na mizigo yake imepotea uwanja wa ndege. Nimewaona wahitimu wangu wa shahada na wa cheti wakianza siku moja, zamu moja, mshahara uleule. Wa shahada wengine waliumia sana. Walikuwa wameambiwa nyumbani kwamba wanakwenda kuwa mameneja. Sikubaliani kabisa na chuo chochote kinachowauzia wazazi ndoto hiyo, kwa sababu kijana anayekata tamaa mwezi wa tatu anaacha kazi kabla shahada haijapata nafasi ya kumsaidia.

Nafasi hiyo huja baadaye, pale msimamizi wa zamu anapotafutwa kuwa mkuu wa idara. Hapo kazi inabadilika. Anatakiwa kuandaa bajeti ya idara, kupanga zamu bila kuvunja sheria ya kazi, kusoma ripoti ya vyumba vilivyouzwa na kuamua bei ipande au ishuke wiki ijayo, kuujua mfumo wa kompyuta wa hoteli na siyo kubonyeza tu. Anatakiwa kuwa yule aliyemwelewa nguru. Hoteli kubwa za kimataifa huangalia shahada wakati huo, na vyuo haviwezi kukupa kazi ya kufundisha ngazi za juu bila hiyo.

Kwa familia ambayo fedha yake ni ya kuungaunga, ushauri wangu ni huu: aanze na stashahada, afanye kazi miaka miwili au mitatu, kisha arudi kwenye shahada. Mlango upo wazi; mwenye stashahada yenye wastani wa alama 3.0 au zaidi anaweza kuomba chuo kikuu kwa sifa linganishi, yaani kwa stashahada badala ya kidato cha sita, na atarudi akijua anataka kusoma nini. Chuo cha Taifa cha Utalii kinafundisha stashahada, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina chuo chake cha hoteli na utalii pale Njiro, Arusha. Hata jirani zetu walianzia huko: Kenya Utalii College ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, ilijenga jina lake kwa vyeti na stashahada.

Najua kinachowasukuma wengi kwenda moja kwa moja shahada. Mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kwa sehemu kubwa imekuwa ya wanafunzi wa shahada, na bumu, ile fedha ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo huo, linaonekana kama fedha ya bure. Siyo ya bure. Mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Kwenye mshahara wa 500,000 hiyo ni 75,000, na kwa kazi ya hoteli, ambako sehemu nzuri ya kipato cha mwanzo inaweza kutoka kwenye tipu za wageni, makato hayo yanaumiza hasa miezi ambayo wageni hawapo.

Na miezi hiyo ipo. Masika yakiingia, Aprili na Mei, baadhi ya hoteli za pwani na kambi za mbugani hufunga, na wenye mikataba ya msimu hurudi nyumbani. Mwaka 2020 ulituonyesha sura mbaya zaidi: watalii walioingia Tanzania walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka uliotangulia hadi kama 620,000. Sekta imepona, mwaka 2024 walivuka milioni 2.1, lakini wanafunzi wangu waliokuwa wamehitimu kipindi kile hawajasahau. Waliovuka salama wengi walikuwa na elimu inayohama: wakaenda kusimamia vyakula kwenye kambi za migodi, hospitali na shule za bweni. Hilo nalihesabu upande wa faida ya shahada nzuri, kwa sababu anayejua kununua, kuhifadhi na kulisha watu 400 kwa bajeti hahitaji mtalii ili aajiriwe.

Lugha nayo inalipa mapema kuliko cheti chochote. Kiitaliano cha kuongea kwa kujiamini, kwa hoteli za Zanzibar, kinaweza kumtoa mhudumu ukumbini na kumweka mapokezi au kwenye mahusiano ya wageni ndani ya msimu mmoja. Ukikuta chuo chenye mwalimu wa kweli wa Kiitaliano, Kifaransa au Kijerumani, kipe uzito.

Kabla ya kulipa ada, hakikisha kozi imesajiliwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, au TCU, tume ya vyuo vikuu, kama ni ya chuo kikuu, kisha nenda chuoni siku ya kazi, saa nne asubuhi, wakati jiko la mafunzo linapaswa kuwa limewaka. Usiishie ofisi ya udahili. Omba kuingia jikoni. Tazama kama majiko yana gesi, hesabu wanafunzi wangapi wamezunguka jiko moja, uliza nani ananunua nyama na mafuta ya mazoezi, chuo au mwanafunzi. Uliza hoteli zilizowapokea wanafunzi wa fildi mwaka jana, kwa majina. Halafu omba namba za wahitimu watatu waliomaliza miaka mitano iliyopita, uwapigie mwenyewe jioni wakitoka zamu, na uwaulize wanafanya nini leo.