Mbegu za ubuyu na swali linaloulizwa mara mbili

Juma lililopita nilikaa juu ya tofali nyuma ya darasa la awali, katika shule moja ya msingi wilayani Chamwino, daftari magotini, nikifanya kazi inayonilipa mshahara: kuwatazama watoto wadogo wakifundishwa. Wenzangu wa fani nyingine huniuliza hiyo nayo ni kazi gani. Huwajibu kwamba ni kama kuvua samaki kwenye bwawa la Hombolo. Unakaa saa nzima patupu, halafu dakika mbili zinakulipa siku.

Dakika mbili zenyewe ni hizi. Mwalimu alikuwa na kikapu cha mbegu za ubuyu zilizooshwa zikang'aa. Akapanga sita mstari mmoja mbele ya mvulana wa miaka mitano, na chini yake akapanga nyingine sita, kila moja ikitazamana na mwenzake.

"Zipi nyingi?"

"Sawasawa."

Akautanua mstari wa chini, mbegu zikaachana, mstari ukawa mrefu.

"Haya, zipi nyingi?"

Mtoto akatazama mbegu, akamtazama mwalimu usoni, akarudi kwenye mbegu. Akagusa mstari mrefu. "Hizi."

Mwalimu akanigeukia. "Umeona, Dokta? Bado sana hawa."

Waliopita chuo cha ualimu wanalijua zoezi hili. Ni la Jean Piaget, yule Mswisi aliyetumia maisha yake kuwahoji watoto. Yeye alihitimisha kwamba kabla ya miaka kama saba hivi mtoto hutekwa na kile jicho linachoona, na bado hajashika kwamba idadi haibadiliki kwa kutawanya vitu. Wengi wetu tulifundishwa hivyo, tukajibu hivyo kwenye mtihani, tukaishia hapo.

Mimi nililokuwa nimeliandika daftarini ni lile jicho. Kwa nini alimtazama mwalimu kabla ya kujibu?

Mwaka 1974 watafiti wawili wa Edinburgh, James McGarrigle na Margaret Donaldson, walilirudia zoezi la Piaget kwa namna ya kichekesho. Safari hii mwalimu hakuugusa mstari. Alitokea dubu wa kitambaa, mtukutu, akaja "kuharibu mchezo" na kuvisogeza vitu. Kisha mtoto akaulizwa swali lile lile. Watoto waliosema bado ni sawa wakawa wengi zaidi, na walikuwa wa umri ule ule wa miaka minne hadi sita. Maelezo ya Donaldson yalikuwa kwamba mtu mzima akisogeza vitu makusudi halafu akarudia swali, mtoto anasoma nia yake: kuna jambo limebadilika hapa, na jibu langu la kwanza halitoshi. Anaacha kujibu kuhusu mbegu, anamjibu mtu mzima.

Wapo waliompinga Donaldson baadaye, na ubishi wao una mashiko. Lakini mimi nikiwa Chamwino najiuliza: katika madarasa yetu, swali linarudiwa lini? Jibu likiwa sahihi, mwalimu anasema "mpigieni makofi" na kusonga mbele. Likirudiwa, kila mtoto anajua kwamba mwenzao amekosea. Yule mvulana hakuwa mjinga wa hesabu. Alikuwa bingwa wa kumsoma mwalimu, na hilo ndilo somo tunalolifundisha vizuri kuliko mengine yote.

Nikaomba ruhusa nijaribu. Dirishani walikuwa wameanika ng'ombe wa udongo waliowafinyanga wenyewe, kama watoto wa huku wanavyofanya tangu enzi. Nikachukua dume moja lenye pembe iliyovunjika, nikalipitisha juu ya mbegu likichunga hovyo. Mstari ukatawanyika. Watoto wakaangua kicheko. "Zipi nyingi?" Mvulana hakuniangalia hata kidogo. "Zile zile! Amezikanyaga tu."

Mtoto mmoja si utafiti, na huyu alishaonja swali dakika tatu nyuma. Siwezi kulipeleka hilo kwenye jarida lolote. Nimelileta hapa kwa sababu tunapozungumzia elimu ya awali inayomlenga mtoto, mazungumzo huishia kwenye samani: kona za ujifunzaji, mikeka, watoto kukaa kwa makundi. Kona ni nzuri, lakini hazifikirii kwa niaba ya mtu.

Hili nimejifunza kwa aibu. Miaka ya mwanzo nilipeleka kwenye shule moja (tusiitaje) seti nzima ya vifaa: vibao vya rangi, picha za manila, duka dogo la kuigiza. Niliporudi baada ya miezi mitatu, kila kitu kilikuwa ndani ya kabati la ofisi, kimefungwa kwa kufuli, kinasubiri siku ya wathibiti ubora. Nilikasirika njia nzima hadi mjini. Baadaye ndipo nikaona kwamba nilikuwa nimepeleka vitu vya thamani ambavyo mwalimu angedaiwa vikiharibika. Mbegu ya ubuyu ikipotea, unatafuna nyingine.

Wazo lenyewe la elimu inayomlenga mtoto kwetu Waswahili si geni kama tunavyodhani. Huko Ypsilanti, Michigan, mwaka 1962, David Weikart na wenzake walianza mradi wa Perry, wakafuatilia watoto 123 wa familia maskini kuanzia miaka mitatu, wengine wakipata shule ya awali na wengine wasipate. Hapo ndipo ulipoota mfumo wa HighScope, ambao kiini chake ni maneno matatu: panga, tenda, kumbuka. Asubuhi mtoto anasema atafanya nini, anakifanya, halafu anasimulia alichofanya. Miaka ya 1980 Mombasa, wazee wa jamii ya Kiislamu walipotaka watoto wao waandaliwe kwa shule bila kuiacha dini, Wakfu wa Aga Khan ukaunga mkono na Bi Swafiya Said akaanza kuufinyanga mfumo huo uingie kwenye madrasa, kwa nyimbo na hadithi za pwani na vifaa vya kuokota. Ulienea mpaka Unguja na Uganda. Utafiti uliofanywa baadaye Kenya, Uganda na Zanzibar ulikuta watoto wa shule hizo za awali wametangulia mbele ya wenzao wa shule nyingine za awali.

Wakati wa mapumziko siku hiyo niliwakuta wasichana wawili ukutani wakicheza mdako. Wanarusha kete juu, wanachota mawe yote shimoni, wanadaka, wanarusha tena na kuyarudisha yote wabakize moja. Mzunguko unaofuata wanabakiza mawili, kisha matatu. Huko ni kutoa na kugawanya, tena kwa kasi ambayo mimi siiwezi. Mmoja alikuwa akimsuta mwenzake kwa Kigogo, maneno yakimtoka kama mvua ya Januari. Ndani, kwa saa nzima, nilikuwa nimemhesabia maneno mawili ya Kiswahili: "ndiyo" na "kikombe". Kiswahili ndicho cha darasani na sina ugomvi nacho, lakini mwalimu anayeruhusu jibu la kwanza lije kwa lugha yoyote hupata watoto wengi zaidi wa kuzungumza nao. Anayewanyamazisha hupata kwaya.

Sasa, idadi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na ada ikaondolewa kuanzia 2016. Wazazi waliitika, madarasa yakafurika. Kiwango rasmi ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Darasa nililokalia tofali nilihesabu 87, na si baya kuliko yote niliyoyaona. Mtu akisema mbinu hizi haziwezekani hapo, simcheki. Mwalimu huyu anafanya hivi: watoto wengi wako chini ya mti na michezo waliyoizoea, na msaidizi aliyejitolea kutoka kijijini, na mwalimu mwenyewe anakaa chini na kundi moja la watoto kumi na wawili kwa dakika ishirini. Kesho kundi lingine. Ukikaa na wote 87 kwa pamoja, hujakaa na yeyote.

Kinachomtisha zaidi ya idadi ni wazazi. Kwenye kikao tulisalimiana "mbukwenyi" vizuri, kisha bibi mmoja akasimama: "Mwalimu, mjukuu wangu nimemleta asome. Kucheza anacheza nyumbani, tena bure." Watu wakaguna kumuunga mkono. Mwalimu alinitazama mimi msomi nijibu, na mimi nilikuwa nawaza Ghana.

Mwaka wa masomo 2015/16, shule 240 za eneo la Accra ziligawanywa kwa kura. Kundi moja walimu walipata mafunzo ya kufundisha kwa michezo na shughuli. Kundi la pili walimu walipata mafunzo hayo hayo, na wazazi wakaitwa kwenye mikutano ya kuelimishwa kwa video. Kundi la tatu halikupata kitu. Ungetegemea kundi la pili liongoze. Kilichotokea ni kwamba watoto wa kundi la kwanza walipanda, na kwenye lile lenye mikutano ya wazazi faida hiyo ikafutika. Tafsiri yangu ni kwamba mzazi anayeamini shule ni daftari lililojaa, ukimwonyesha video watoto wanacheza, umemthibitishia hofu yake, naye atambana mwalimu.

Kwa hiyo sikumhutubia bibi. Nilimwomba aje Alhamisi achague mbegu pamoja na kundi la mjukuu wake, kama anavyochagua karanga za kupanda. Alikuja, akakaa, akawauliza hii mbona nyepesi, ile mbona imetoboka. Hakuna jibu hata moja alilokuwa nalo mfukoni.

Jana usiku mwalimu alinitumia ujumbe wa sauti. Anasema yule mvulana amelichukua dume la pembe iliyovunjika, akampangia yeye mwalimu mistari miwili, akalipitisha, akauliza, "Mwalimu, zipi nyingi?" Akajibu ni sawa. Mtoto akamkazia macho, akauliza tena, "Zipi nyingi?"

"Dokta, nakuapia," anasema huku akicheka, "nilihesabu upya."