Haiba na sonona: kila mtu ana njia yake ya kukimbia

Mtu akiketi mbele yangu na kusema, "Dokta, mimi ni melankoli, ndiyo maana nina sonona," najua amepita semina. Hapa Dodoma semina za ndoa na za vijana, hasa za makanisani, zimewazoesha watu aina nne za wanadamu: sangwini, koleriki, melankoli na flegmatiki. Wanafunzi wa UDOM, chuo kikuu chetu cha hapa, wao huja na herufi nne za kutaja aina ya mtu, kama INFP, walizopewa na simu baada ya kujibu maswali usiku wa manane. Sina ugomvi na semina wala na simu. Kinachonisumbua ni pale mtu anapolibeba jina alilopewa kama hukumu isiyo na rufaa, kisha akaacha kutafuta nafuu.

Hizo aina nne ni za kale. Galen, tabibu wa karne ya 2, alizifungamanisha na majimaji ya mwilini: damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na kohozi. Mwenye nyongo nyeusi nyingi ndiye aliyedhaniwa kuwa wa huzuni. Tiba iliachana na maelezo hayo zamani, majina yakabaki. Herufi nne za kwenye simu zilitokana na kazi ya Mmarekani Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers, walioegemea kitabu cha daktari wa akili Carl Jung cha mwaka 1921. Shida ya herufi hizo ni kwamba humtia mtu kwenye kisanduku kimoja au kingine, wakati walio wengi tuko katikati. Rudia maswali yale baada ya wiki chache, usishangae ukipewa herufi nyingine.

Watafiti wa leo hutumia zaidi vipimo vitano ambavyo kila mmoja wetu anavyo kwa kiasi fulani: wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, uchangamfu, bidii na mpangilio, upole kwa wenzake, na udadisi wa mambo mapya. Hata hivi navyo si vya kuapia. Mwaka 2013 watafiti walipovijaribu kwa Watsimane, wakulima na wawindaji wa Bolivia, vile vitano havikujitokeza kama vinavyojitokeza kwa watu wa mijini walio na elimu ya darasani. Kwa hiyo mkulima wa Bahi akija kwangu simpi dodoso nikadhani nimemjua. Namuuliza anaishije.

(Watu nitakaowataja hapa nimewachanganya na kuwabadilisha. Asijitafute mtu.)

Haiba, yaani tabia ya asili ya mtu, huingia wapi hasa? Chukua barua ya uhamisho. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, barua za namna hiyo zimepitia mikono mingi. Wafanyakazi wawili wa idara moja, mshahara mmoja, wanaisoma siku moja. Wa kwanza anaona kiwanja cha Nzuguni na foleni za Dar zilizomshinda. Wa pili anamwona mama yake mgonjwa Mbagala, watoto katikati ya muhula, na bosi ambaye bila shaka anataka kumwondoa. Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman walieleza mwaka 1984 kwamba kila shinikizo tunalipima kwa maswali mawili: linanitishia nini, na mimi nina nini cha kulikabili? Haiba inaanza kazi hapo, kabla mtu hajafanya lolote.

Baada ya kupima, mtu hushika njia. Anaweza kulishughulikia tatizo lenyewe, au kuzishughulikia hisia zake kuhusu tatizo. Wengi hudhani njia ya kwanza ni ya watu imara na ya pili ni ya wanyonge. Si kweli, na ushahidi uko mashambani hapa hapa. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, na mvua ikikatika Januari hakuna bidii itakayoirudisha. Mkulima wa kutenda, yule ambaye kila jambo kwake lina dawa, ndiye nimemwona akihangaika zaidi: anapanda uwele upya, anakopa mbegu, anagombana na kila mtu nyumbani. Jirani yake anayeweza kukaa, akaomboleza, akasali, akaenda kwa shemeji kuzungumza, analala usingizi. Jambo likiwa halimo mikononi mwako, kuzituliza hisia ndiyo kazi yenyewe.

Sasa twende kwenye ile haiba inayonipa wageni wengi, wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Katika mapitio ya mwaka 2010 yaliyokusanya tafiti 175, hiyo ndiyo iliyofungamana kwa nguvu zaidi na sonona na magonjwa ya wasiwasi. Mtu wa namna hii ana king'ora cha gari kinacholia hata paka akipita, na kikishalia hakizimiki upesi. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba takribani asilimia 40 hadi 50 ya tofauti za haiba baina ya watu hutokana na urithi, kwa hiyo kumwambia "acha kuwaza" ni kumwonea. Hakukichagua.

Ila kuna kitu anachokifanya, na hicho kinagusika: kucheua mawazo. Tukio limekwisha saa nne asubuhi, saa tisa usiku bado analirudia, kwa nini nilisema vile, kwa nini mimi, wananionaje. Yeye anadhani anatafuta suluhisho. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alikuwa amewapima wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford wiki mbili kabla ya tetemeko la Loma Prieta, California, la Oktoba 1989. Alipowarudia baadaye, waliokuwa na mazoea ya kucheua kabla ya tetemeko ndio walioonyesha dalili nyingi zaidi za sonona, hata wiki saba baadaye. Tetemeko lilikuwa moja kwa wote.

Kwa hiyo mteja wa aina hii simwombi abadili haiba. Namwomba aone saa anapoanza kucheua, na ajiulize: nimekaa na jambo hili muda wote huu, limezaa hatua gani? Kama hakuna, ainuke. Kupiga deki, kwenda Majengo sokoni kwa miguu, kumwagilia mchicha, chochote kinachotumia mikono na macho. Wengine hunicheka. Dokta mzima unaniandikia kupiga deki? Ndiyo, na uiandike kwenye daftari umeifanya saa ngapi na ulijisikiaje kabla na baada. Hiyo ni sehemu ya tiba ya kurudisha shughuli maishani, na kwa sonona ina ushahidi mzuri.

Mwenye bidii na mpangilio anaonekana salama, na mara nyingi kweli yuko salama, kwa sababu hulipa kodi ya nyumba mapema, hunywa dawa kwa saa, humaliza alichoanza. Nina wasiwasi naye pale anapoumwa, kwa kuwa hujificha ndani ya kazi. Ofisini Mtumba anafika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, ripoti hazina kosa, bosi anamsifu. Mwili ndio unaomshtaki: kichwa, tumbo kuwaka moto, moyo kwenda mbio. Amepimwa malaria, taifodi, UTI na vidonda vya tumbo, amemeza kila kilichoandikwa, na bado. Hapo ndipo dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili, linaposaidia. Linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita, usingizi, hamu ya kula, kukosa raha, kujiona hufai. Alama ni kuanzia 0 hadi 27, na kuanzia 10 mtu anahitaji kuchunguzwa zaidi. Mtu wa mpangilio huliamini karatasi lenye alama kuliko anavyoniamini mimi, na sioni ubaya, nalitumia hilo. Kisha nampangia mapumziko kama kikao, yenye saa ya kuanza na ya kumaliza, maana mapumziko ya "ukipata nafasi" hatayapata hadi anastaafu.

Mchangamfu huugua mbele ya watu na hakuna anayemwona. Ndiye anayechekesha kijiwe, ndiye MC wa kila kipaimara. Aliyehama Dar akaacha watu wake amepoteza dawa yake na hajui ni dawa. Mtu huyu ukimwambia aandike shajara peke yake chumbani Kisasa, unamzidishia. Anahitaji kwaya, timu ya mpira ya Jumamosi, kikoba chenye watu wanaosema sana. Hatari yake ni kujaza pengo kwa bia, au kwa tiketi. Treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imeifanya Dar kuwa safari ya saa tatu au nne, na wapo wanaoondoka kila Ijumaa mwaka wa pili sasa, hawajui hata jina la jirani. Kukimbia huko kunatuliza wikendi na kuiacha Jumatatu palepale.

Mkimya yuko upande wa pili, naye jamii humwandama bila sababu. Mbona umejitenga? Mbona msibani hukukaa na wenzako hadi usiku? Kupenda upweke si ugonjwa. Kipimo changu ni kumlinganisha na yeye mwenyewe wa mwaka jana. Kama zamani alikaa peke yake akisoma, akitengeneza redio, akafurahi, na sasa anakaa peke yake akitazama dari, kuna jambo. Tiba yake isianzie kwenye kikundi cha watu ishirini. Mtu mmoja anayemwamini anatosha kuanzia.

Mpole nitamwongelea kwa sababu ya michango. Anatiwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi ya mtoto wa rafiki wa shemeji, kisha jingine la send-off, kisha msiba, na mdomo wake hauwezi kutamka hapana. Mwisho wa mwezi anakopa kausha damu, mkopo wa riba ya kuumiza, ili atoe ahadi aliyoandika mbele za watu. Anakuja kwangu kwa kukosa usingizi, hasemi deni hadi kikao cha tatu. Na huyu tunafanya mazoezi kwa sauti, kabisa, mimi nikiwa mwenyekiti wa kamati: "Mwenyekiti, mwezi huu sitaweza, nawaombea heri." Mara ya kwanza hutokwa jasho. Udadisi wa mambo mapya unachangia kidogo kwenye sonona na sina mengi ya kuusema.

Mapitio ya mwaka 2007 yaliyolinganisha haiba na njia za kukabili matatizo katika sampuli 165 yalikuta uhusiano upo, lakini si mkubwa. Ningetamani semina zetu zilitaje hilo. Haiba inakuelekeza upande utakaoukimbilia kwanza, haikufungi humo. Na yenyewe huhama: mapitio mengine ya mwaka 2017, ya tafiti 207, yalionyesha kwamba watu waliopata tiba kwa wastani wa wiki 24 walipungukiwa na ule wepesi wa wasiwasi kwa kiasi kinachoonekana. Kwa wengine dawa nazo zinahitajika, na daktari wa akili ndiye wa kuziamua.

Pa kwenda papo. Hospitali ya akili ya Mirembe imekuwa hapa tangu mwaka 1927 na wengi wa Dodoma hulitumia jina lake kama tusi, hivyo mtu huona afadhali apande basi hadi Morogoro kuliko kuonekana getini. Anayeona haya aanzie hospitali ya mkoa au ya Benjamin Mkapa, aseme wazi kwamba ni usingizi na mawazo, si malaria.

Kwenye yale maswali tisa, la mwisho huuliza kama umewaza kwamba ni heri ungekufa au kujidhuru. Mteja akijibu ndiyo, naweka kalamu chini na siulizi tena kama ni mkimya au mcheshi. Nauliza yuko na nani usiku huu, nyumbani kuna sumu ya mimea au dawa nyingi, nani anaweza kuzichukua. Ukijibu ndiyo ukiwa peke yako na simu yako, mwambie mtu mmoja sasa hivi, muende naye hospitali iliyo karibu leo, hata kama ni usiku.