Kidole cha Mama na Kioo cha Simu: tunayoyaamini kuhusu wazee na simu janja

Mama yangu ana miaka 72 na anasuka ukili wa mikeka tangu hajavunja ungo. Anakaa Ngamiani, Tanga. Mwaka juzi dada yangu aliyeolewa Muscat alimletea simu janja, na simu ile ikalala kabatini miezi minne, imeviringishwa kwenye kipande cha kanga kama dhahabu ya urithi. Kiswaswadu chake, ile simu ndogo ya vitufe yenye tochi, kikaendelea na kazi. Sisi watoto tulikuwa na majibu tayari, na karibu yote hayakuwa sahihi.

"Akili ya mzee haishiki mambo mapya."

Hili tulilisema mbele yake, Mungu atusamehe. Tulimwona akigusa ile alama ya kijani ya WhatsApp, haifunguki. Anagusa tena, kimya. Anabonyeza kwa nguvu, alama inatikisika na simu inamuuliza kama anataka kuiondoa. "Imenikataa," akasema, akaiweka chini.

Kumbe tatizo lilikuwa ngozi. Kioo cha simu janja hakipimi nguvu ya mkono. Kimetandazwa chaji ndogo ya umeme, na kidole chenye unyevu kikikigusa huibadilisha chaji hiyo, ndipo simu inajua umegusa wapi. Ngozi kavu haipitishi umeme vizuri, sugu ni mbaya zaidi, na ukucha mtupu ni bure kabisa. Ngozi ya mtu hukauka kadiri umri unavyosogea. Sasa ongeza miaka 60 ya kuvuta ukindu kwa ncha za vidole, na juu yake ile protekta nene ya bei rahisi aliyobandikiwa dukani.

Halafu kuna muda. Ukigusa ukaachia, simu inafungua. Ukigusa ukakaa, inaelewa umetoa amri nyingine. Kitochi kilimfundisha mama kinyume chake: bonyeza mpaka kitufe kiingie ndani, ndipo ujue umebonyeza. Kwa hiyo alikuwa anatii alichofunzwa miaka yote, na kwa utiifu huo sisi tukamwita mzito.

Dawa ilikuwa ndogo mpaka inaudhi. Tulibandua protekta. Anafuta vidole kwa kitambaa kibichi kabla ya kushika simu. Anagusa kwa tumbo la kidole, hagusi kwa ncha. Na kwenye mipangilio ya simu nyingi za Android pana sehemu ya kurefusha muda ambao kidole kinaweza kukaa kabla simu haijadhani umeishikilia. Tukarefusha. Wiki hiyo hiyo alama ya kijani ikafunguka.

Kuhusu akili, nitasema moja tu. Mkeka wenye mapambo husukwa kwa kuhesabu miyaa kichwani, rangi kwa rangi, bila karatasi. Mimi mwenye shahada nimejaribu nikashindwa. Na aliyepiga simu ya kwanza ya mkononi barabarani New York, tarehe 3 Aprili 1973, ni Martin Cooper wa Motorola, aliyezaliwa 1928. Huyo, mama yangu angemwamkia shikamoo.

"Mpe ile yetu ya zamani, inamtosha."

Nimeliona hili nyumba nyingi kuliko mkate. Kijana ananunua simu mpya. Ile yenye kioo kilichopasuka, betri ya masaa mawili na nafasi iliyojaa inakwenda kwa bibi. Bibi anasubiri picha ifunguke, haifunguki, na lawama inamwangukia yeye. Wakati mwingine simu yenyewe imeshapitwa: tangu Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android 4.4 na zilizotangulia. Mtu anayejifunza ndiye anayehitaji chombo kisichosumbua. Sisi tuliozoea ndio tunaoweza kuvumilia kimeo.

"Mjukuu atamfundisha."

Mjukuu anajua simu, lakini kufundisha ni kazi nyingine. Mwanangu wa miaka 14 alikuwa anafanya hivi: bibi anauliza, yeye anachukua simu, vidole vinapita kama mvua ya vuli, "Tayari bibi, umeona?" Bibi hajaona kitu. Kesho anauliza lile lile, mjukuu anaguna, na kesho kutwa bibi haulizi tena.

Tuliweka sharti moja: simu isitoke mikononi mwa mama. Anayefundisha ataelekeza kwa mdomo tu. Inachosha, tena sana, lakini mkono ndio unaojifunza. Pia tulimpa daftari la shule, akawa anachora alama kwa kalamu yake mwenyewe na kuandika hatua kwa maneno yake. Ile kamera aliiita "jicho". Somo moja kwa wiki, na wiki ya kwanza hatukumfundisha kupiga simu wala kuangalia salio. Tulimfundisha kusikiliza sauti ya dada.

Hapo ndipo mapenzi yalipoanza. Kwa miaka mingi simu za WhatsApp zilikuwa zimefungwa Oman, na familia za pwani zenye watu kule zilizoea kutumiana voisi, yaani ujumbe wa sauti. Mama aligundua kwamba voisi, tofauti na simu ya kawaida, haipotei. Alisikiliza mjukuu wa Muscat akisoma Al-Fatiha mara kumi na moja siku ya kwanza. Nilihesabu.

"Bila Kiingereza haiwezekani."

Simu nyingi za Android unaweza kuzigeuza zikawa za Kiswahili, ingawa ni Kiswahili cha kwao. Mama alikutana na neno "ufikivu" akaniuliza ni ugonjwa gani. (Ni ile sehemu ya kurahisishia wenye shida ya macho, masikio au mikono, na ndiyo sehemu yenye faida kuliko zote kwa mzee. Wangeiita jina la watu.) Asiyependa kuandika anaweza kusema tu: Google iliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti Agosti 2017. Lafudhi ya Tanga inaipata vizuri, isipokuwa mama akiwa na tambuu mdomoni.

"Simu itammaliza macho."

Macho ya karibu huanza kusumbua baada ya miaka 40 kwa kila mtu, mwenye simu na asiye nayo. Mwanga wa simu hauui macho. Kinachotokea ni kwamba ukikodolea kioo unapepesa kope mara chache, macho yanakauka na kuwasha. Miwani ya kusomea, herufi zikuzwe, apumzike. Basi.

"Akigusa vibaya ataharibu kila kitu."

Woga huu tunaupanda sisi kwa kupiga kelele "Usiguse hapo!" Karibu kila kosa la kidole hurudishika. Lisilorudishika kirahisi ni pesa, na hapo ndipo pa kuelekeza woga wote. Mama anajua mambo matatu: namba ya siri haiombwi na mtu yeyote wa mtandao, ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" ni wa mwizi, anautuma kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, na akipiga *106# anaona laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Jirani yetu wa miaka 29 alituma laki mbili kwa ujumbe kama huo. Mama ndiye aliyemwelekeza pa kupiga simu.

"Wazee ndio wanaosambaza uongo."

Hapa siwezi kumtetea mama kwa asilimia mia. Utafiti uliochapwa Marekani mwaka 2019, ulioangalia Facebook wakati wa uchaguzi wa 2016, ulikuta wenye umri zaidi ya miaka 65 walisambaza habari za tovuti za uongo karibu mara saba ya vijana wadogo kabisa. Lakini utafiti huo huo ulikuta zaidi ya asilimia 90 ya wote walioangaliwa hawakusambaza hata moja. Mama alishatuletea limau linaloponya saratani na maombi yanayotakiwa kufika kwa watu 20 kabla ya magharibi. Nilimwonyesha ile mishale miwili juu ya ujumbe: maana yake umeshapita mikono mingi, na tangu 2020 WhatsApp inaruhusu uupeleke sehemu moja tu kwa wakati. Akasema, "Kumbe ni maneno ya sokoni." Siku hizi mishale miwili anaiuliza kwanza kwangu. Ya mmoja bado tunagombana.

Sasa anatuma voisi baada ya alfajiri, dakika saba, nane, anaanza na salamu za kila mtu kwa jina. Mwezi uliopita alimkuta mjukuu akimsikiliza kwa ile kasi ya mara mbili, sauti yake ikikimbia kama kuku aliyeona mwewe. Hakusema kitu. Aliomba tu aonyeshwe inavyofanyika. Tangu siku ile anazungumza polepole makusudi, na voisi zimefika dakika kumi na nne.