Punda Mzee Hana Bima: Mtengee Pesa ya Daktari Angali Anavuta

Tangu kampeni ya kukagua meno na kwato za punda ianze, lalamiko linaloongoza katika ofisi yetu ya mifugo ni hili: "Daktari wa serikali ameniomba pesa." Tulimalize mapema. Ukaguzi wa kampeni ni bure. Lakini kumtibu mnyama wako aliyeugua nyumbani kwako ni gharama yako, na ndivyo ilivyo Kenya tangu miaka ya 1990, matibabu ya mifugo yalipoanza kuachiwa wataalamu wa kibinafsi. Ukilipa, dai risiti. Ukinyimwa risiti, hapo ndipo uje ulalamike.

La pili ni bima. Kuna waliosikia kwamba serikali ina bima ya mifugo, wakatulia. Bima ya aina hiyo, iliyoanza Turkana na Wajir mwaka 2015, hupima ukijani wa malisho kwa setilaiti, ikalipa ukame unapobana. Setilaiti haioni jino la punda wako. Bima za mnyama mmoja mmoja nazo zimewalenga zaidi ng'ombe wa maziwa, na kwa kawaida huweka kikomo cha umri. Mwenye punda mzee, basi, bima yake ni mfuko wake mwenyewe.

Mzee ni yupi? Punda aliyetunzwa vizuri anaweza kupita miaka 30, ila anayevuta maji kila siku huzeeka mapema. Mimi humhesabu kuwa anaelekea uzeeni akifika miaka 15. Na tafadhali, umri wa kweli. Kila punda ninayeletewa ana miaka 10, hata yule niliyemtibu miaka kadhaa iliyopita, naye siku hiyo alikuwa na miaka 10.

Nieleze kwa nini nasisitiza meno. Majuzi niliitwa kumwona jike wa kijivu ambaye, kwa maneno ya mwenyewe, "amekuwa mvivu." Chini ya hori lake palikuwa na matonge ya nyasi yaliyotafunwa nusu, yamelowa mate, kila moja kama kidole gumba. Punda hatemi chakula kwa madeko. Magego yake yalikuwa yameota ncha kali zikikata shavu kwa ndani, na upande mmoja kulikuwa na mwanya ambamo majani yalikuwa yameoza. Kazi ya tupa ya meno ingetosha miezi sita nyuma. Lakini alikuwa hajala kwa siku tatu. Punda asipokula, mafuta ya mwilini humiminika kwenye damu na kulemea ini. Nilipomtoa damu nikaiacha chupa itulie, sehemu ya juu ilikuwa nyeupe kama tui. Hapo bei si ya tupa tena. Ni maji ya mshipa, ni dawa, ni mimi kurudi asubuhi na jioni, na bado wengi wa hali hiyo hawaponi. Huyu hakupona. Mwenyewe alilipa mara nyingi zaidi ya gharama ya meno, na akabaki na mkokoteni usio na wa kuuvuta.

Sasa hesabu. Mkokoteni wa mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400 za maji kabla hujahesabu mbao, ekseli na wewe uliyekaa juu. Katika safari ya kwanza ya kila siku, mtungi mmoja uwe wa punda. Tuseme, kwa mfano tu, mtungi unauzwa shilingi 20. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 520 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 6,240. Akizeeka, apate mitungi miwili: 12,480. Pesa hiyo isikae mfukoni, maana mfuko una mambo mengi. Itume kwa simu kila jioni kwenye akiba ya kufungwa, au muiweke kwenye chama cha wenye mikokoteni. Mkichagua chama, andikeni kwamba mfuko unamlipa daktari moja kwa moja, haumpi mwanachama taslimu. Nimeona mfuko wa punda ukilipa karo.

Kwenye mfuko huo kuchonga kwato ndiko kwa kwanza, kila wiki 6 hadi 10. Meno mara moja kwa mwaka, na akipita miaka 20 kila miezi sita. Minyoo kwa kupimwa kinyesi, si kwa kukisia. Halafu pepopunda: jina lenyewe linasema, na bado watu huniuliza kama punda huugua. Punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nao upesi zaidi, na msumari mmoja kwenye kwato unatosha. Chanjo ya mwanzo ni sindano mbili, wiki nne kati yake, kisha za kuongeza nguvu kwa ratiba ya daktari. Pesa zinazobaki ni za dharura na zisiguswe.

Kabla ya kumwita mtu, uliza bei ya mwendo, ya kumwona mnyama na ya dawa, kila moja peke yake, maana usiku ni tofauti na mchana. Hakikisha amesajiliwa na ana leseni ya mwaka huo kutoka Kenya Veterinary Board. Sheria ya mwaka 2011 inawatambua madaktari wenye shahada na wataalamu wasaidizi wenye diploma au cheti, na kila mmoja ana mipaka yake. Kuwa na duka la agroveti si usajili. Kipimo cha dawa ya ng'ombe pia si cha punda, kwa kuwa mwili wa punda huzitumia baadhi ya dawa kwa kasi tofauti. Na vidonge vyako vya maumivu ya mgongo vibaki vyako, usimpe punda.

Akiwa mgonjwa, mfungue. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamhesabia kosa anayemtumikisha mnyama mgonjwa, aliyejeruhiwa au asiyefaa kwa kazi, na vilevile mwenye mnyama anayeruhusu hivyo. Kumkodisha kwa kijana wa mtaani hakukuondolei lawama. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Najua 3,000 inawachekesha wengine. Miezi sita haichekeshi.

Lililo gumu zaidi ni kikomo. Kaeni nyumbani mkubaliane mapema, punda akiwa mzima: tutafika shilingi ngapi, na katika hali gani tutamwomba daktari amdunge sindano ya kumpumzisha milele. Saa nane za usiku, mnyama akigaragara kwa tumbo, hakuna anayepiga hesabu sawasawa. Gharama ya sindano hiyo na ya shimo iwe ndani ya mfuko. Aliyedungwa dawa hiyo azikwe kwa kina na mbali na kisima. Nyama yake asipewe mbwa wala asiachiwe fisi, kwa sababu dawa hubaki mwilini. Aliyekufa ghafla huku damu ikimtoka puani au kwa nyuma asipasuliwe kabisa. Huenda ni kimeta. Piga simu ofisini kwanza.

Na anayekuja jioni na bei nono kwa punda aliyekonda anatafuta ngozi. Umoja wa Afrika uliazimia Februari 2024 kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa biashara hiyo. Msimuuzie.

Ukaguzi unaendelea vituoni kama machifu walivyotangaza. Mlete punda asubuhi, kabla ya safari ya kwanza ya maji, akiwa na hatamu ya kichwani, si kamba ya shingoni, na aje na mtu anayejua mara ya mwisho alikula nini.